Kutochaguliwa

Ndani ya sanduku langu la bati, chini ya vyeti vya ualimu na picha za harusi, imo barua moja ya mwaka 1972 ambayo kwa miaka hamsini sikumwonyesha mtu yeyote, hata mke wangu. Ni barua fupi, mistari miwili na sahihi. Ofisi iliyoiandika sitaitaja, kwa kuwa sina ugomvi nayo, na wengi waliokuwamo bila shaka wamekwisha tangulia mbele ya haki. Lakini habari ya barua hiyo nataka kuisimulia, kwa sababu nimegundua uzeeni kwamba kuificha kulinigharimu mimi, na karibu kumgharimu kijana mmoja ninayempenda kama mwanangu.

Nilizaliwa mwaka 1951 huko Mbozi, katika nyumba ya wakulima wa kahawa. Msimu wa kuchuma ulipofika nilichapwa karibu kila siku, maana katika kikapu changu zilikutwa kahawa mbichi zimechanganyika na mbivu. Baba alisema ni uvivu. Hata mimi niliamini kuwa ni uvivu. Nikajifunza kuzibonyeza kwa vidole: iliyoiva huwa laini, iliyo mbichi huwa ngumu. Kwa njia hiyo viboko vilipungua, wala sikupata kujiuliza kwa nini dada yangu mdogo alichuma haraka bila kubonyeza chochote.

Nilipokuwa sekondari niliona ndege ndogo ikitua Mbeya. Rubani alishuka amevaa shati jeupe, akafunga mlango kwa utulivu kama mtu anayefunga mlango wa nyumba yake, akaenda zake. Naam, siku ile moyo wangu ulipata makao. Nchi ilikuwa changa wakati huo. Shirika la ndege la Afrika Mashariki lilikuwa letu sote, Watanzania, Wakenya na Waganda, na mwaka 1971 Jumuiya ilianzisha shule ya urubani kule Soroti, Uganda. Tuliambiwa kwamba vijana wetu wenyewe ndio watakaoshika usukani. Basi nilipoona tangazo la nafasi za kusomea urubani, niliandika barua kwa mwandiko wangu bora kuliko wote, nikaitwa Dar es Salaam.

Mtihani wa hesabu na wa Kiingereza niliufanya vizuri. Kisha tukapelekwa kwa daktari. Alifungua kitabu chenye kurasa zilizojaa madoa ya rangi, akaniuliza naona namba gani. Ukurasa wa kwanza niliona 12. Ukurasa wa pili sikuona kitu. Nikasema naona 5, kwa kubahatisha. Wa tatu nikakaa kimya. Daktari hakunikaripia. Aliandika jambo kwenye karatasi, akafunga kitabu, akaita, "Mwingine!" Nilitoka nje, na pale mlangoni ndipo nilipozikumbuka kahawa za baba. Haukuwa uvivu. Macho yangu hayatenganishi nyekundu na kijani kama ya watu wengine.

Ndugu msomaji, katika urubani hilo si jambo dogo. Taa ya bawa la kushoto la ndege ni nyekundu, ya kulia ni ya kijani, na usiku rubani hujua kwa taa hizo kama ndege iliyo mbele yake inamjia au inamwacha. Redio ikiharibika, mnara wa kuongozea ndege humwonyesha taa ya kijani kumruhusu kutua, au nyekundu kumzuia. Kwa hiyo walionikataa hawakunionea. Nilifahamu hivyo hata siku ile. Lakini kufahamu kuwa hukuonewa hakuondoi uchungu, na pengine huuzidisha, kwa kuwa hubaki na mtu wa kumlaumu.

Barua ilinifikia baada ya miezi mitatu. Nikaikunja, nikaiweka. Nikajiunga na chuo cha ualimu kule Rungwe, na mwaka 1973, mwaka ule ule reli ya TAZARA ilipofika Tunduma, nikaanza kufundisha. Watu waliponiuliza kwa nini nimechagua chaki, nilijibu, "Ualimu ni wito." Nilijibu hivyo kwa wazazi wangu, kwa mke wangu, kwa wakaguzi wa elimu na kwa wanafunzi miaka nenda miaka rudi. Baadaye ualimu ulikuja kuwa wito kweli, na ninamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini mwanzo wake haukuwa wito. Mwanzo wake ulikuwa mlango uliofungwa, nami nikasimama mbele ya mlango mwingine nikadai kwamba ndio niliokuwa nikiutafuta.

Mwaka 1979 nilifanywa mwalimu mkuu. Ilikuwa miaka ya elimu ya msingi kwa wote, baada ya lile Azimio la Musoma la mwaka 1974. Madarasa yalijaa pomoni, lakini sekondari zilikuwa chache mno. Kila mwaka orodha ya waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza ilipotoka, mimi ndiye niliyeibandika kwenye ubao wa matangazo. Katika darasa la watoto zaidi ya arobaini, shule yangu ikipata wawili au watatu tulishangilia. Watoto walisukumana mbele ya ubao, kila mmoja akitafuta jina lake kwa kidole. Serikali katika nyaraka zake ilisema hawa "wamechaguliwa" na wale "hawakuchaguliwa". Mitaani watu walisema hawa wamefaulu na wale wamefeli.

Nami, ambaye ningepaswa kuijua tofauti hiyo kuliko mtu mwingine yeyote kijijini, niliwaacha waendelee kusema hivyo. Niliwahutubia wasiochaguliwa juu ya kujitegemea, nikawapa mikono, wakaenda zao. Namkumbuka mvulana mmoja aliyerudi jioni, shule ikiwa tupu, akaanza kuisoma orodha upya tangu juu mpaka chini, kana kwamba jina lake huenda limechelewa kufika. Nilimwona kupitia dirisha la ofisi. Sikutoka. Nimejuta mambo mengi katika kazi yangu, lakini hilo la kutotoka limekaa nami kuliko mengine.

Sasa nije kwa mpwa wangu.

Yeye ni mtoto wa yule dada yangu mdogo aliyechuma kahawa haraka. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya Zambia, akafariki mapema, akamwachia dada Fuso moja kuukuu na eka nne za kahawa huko Mbozi. Kijana alikuwa hodari wa fizikia na hesabu. Uwanja wa ndege wa Songwe ulipofunguliwa Desemba 2012 alikuwa sekondari, na akipata nauli alipanda daladala kwenda kusimama nje ya uzio kutazama ndege zikitua. Septemba 2016 Air Tanzania, iliyokuwa imebaki na ndege moja tu iliyokuwa ikiruka, ilipokea ndege mbili mpya za Q400. Tulitazama mapokezi hayo kwenye televisheni sebuleni kwangu Tunduma. Kijana alisimama wima mwanzo hadi mwisho. Ndipo akasema, "Mjomba, mimi nataka kuwa rubani."

Ukoo ulikutana. Ada ya chuo cha urubani huko Afrika Kusini, pamoja na malazi na saa za kuruka, ilizidi shilingi milioni mia moja. Wazee wengi walipinga. Wakanigeukia mimi, kwa kuwa nimesoma, nami nikasema maneno yaliyokata shauri: "Nchi inanunua ndege. Ndege haziwezi kujiendesha." Nikaongeza sehemu ya kiinua mgongo changu. Dada akauza Fuso na eka mbili.

Lakini nilitoa sharti moja: kabla hajauza hata mti mmoja wa kahawa, kijana aende kwanza akapimwe afya kwa ajili ya cheti cha daraja la kwanza, kile kinachotakiwa kwa marubani wa biashara. Wote waliisifu busara yangu. Hawakujua kilichokuwa moyoni. Nilikuwa nimesoma kwamba ulemavu wangu wa macho huwapata wanaume zaidi kuliko wanawake, na kwamba hupitia kwa mama. Mama huweza kuubeba bila yeye kuuona, akampa mwanawe. Kwa maneno mengine, kama ungemfikia kijana, ungepita katika njia ile ile inayomfanya yeye kuwa mpwa wangu na mimi kuwa mjomba wake. Siku aliyopimwa sikula. Aliponipigia simu akasema, "Mjomba, wamenipitisha, kile kitabu cha madoa nilikisoma chote," niliketi chini, nikashindwa kumjibu kwa muda.

Hilo ni shauri ninalompa mzazi yeyote: cheti cha afya kwanza, ada baadaye. Lakini hata hapo sikumweleza kwa nini.

Alisoma tangu 2017 hadi 2019, akarudi na leseni ya urubani wa biashara na saa mia mbili na kitu za kuruka. Akafanya mitihani ya mamlaka ya usafiri wa anga Dar es Salaam ili atambuliwe nchini. Karatasi zake zilikamilika Machi 2020. Mwezi huo huo mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa Tanzania, na mwezi uliofuata ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa. Duniani kote mwaka 2019 walisafiri kwa ndege abiria wapatao bilioni 4.5, mwaka 2020 wakashuka hadi bilioni 1.8 hivi. Marubani wenye saa elfu kumi walikuwa wakirudishwa nyumbani. Nani angemwajiri kijana wa Mbozi mwenye saa mia mbili?

Hapa sina budi kueleza jambo ambalo nami sikulijua nilipokuwa nikihutubia kikao cha ukoo. Leseni ya biashara hupatikana kwa saa zipatazo 200, lakini leseni ile ya juu, inayomwezesha mtu kuwa kapteni wa ndege kubwa za abiria, hutaka saa 1,500. Katikati ya namba hizo mbili ndipo vijana wengi wanapokwama. Matangazo ya kazi aliyonionyesha yalitaka saa 500, mengine 1,000, hata kwa zile ndege ndogo za injini moja zinazopeleka watalii Serengeti na Mafia. Saa hupatikana kazini, na kazi haipatikani bila saa. Tena leseni si kama cheti changu cha ualimu ambacho nikikiweka sandukuni miaka ishirini kitabaki kilivyo. Kupimwa afya ni kila mwaka, na uwezo wa kuruka kwa kutegemea vyombo hukaguliwa upya mara kwa mara. Yote hayo ni fedha, kwa mtu asiye na mshahara.

Basi akaomba. Akaomba Tanzania, Kenya, Uganda, Zambia, Kongo, hata Ghuba. Mwishoni mwa 2020 akaja kukaa kwangu, akapata kibarua katika ofisi ya wakala wa forodha hapa Tunduma, kujaza fomu za malori yanayovuka kwenda Nakonde. Anayeijua Tunduma anajua foleni ile, malori yamepangana mpaka Mpemba, madereva wamelala chini ya matela siku mbili tatu. Alikuwa akipita kati yao na faili kwapani. Vijana wa bodaboda walipojua habari zake wakampa jina la Kapteni. "Kapteni, ndege umeegesha wapi leo?" Mwanzoni alicheka nao. Baadaye akawa anapita njia ya nyuma.

Mimi nilifanya nini? Nilimpa methali. Nilimwambia mvumilivu hula mbivu. Siku moja akanijibu kwa adabu, lakini akanijibu: "Mjomba, hata mbivu ikikaa sana huoza." Nikanyamaza, kwa kuwa alisema kweli.

Novemba 6, 2022 ndege ya abiria ilianguka Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Walikuwamo watu 43. 19 walikufa, marubani wote wawili wakiwamo. Dada yangu alikuja Tunduma siku ya pili yake, akamshika mwanawe mikono, akasema, "Unaona, baba? Mungu alikunyima ile kazi ili akuokoe." Nilijua amesema kwa mapenzi. Lakini nilimwona kijana akiinamisha kichwa, na jioni nikamweleza dada kwamba faraja ile haifai. Wale marubani nao walikuwa na mama zao. Je, tuseme Mungu aliwapenda kidogo kwa kuwa aliwapa kazi? Mtu aliyekataliwa hupewa faraja nyingi za namna hiyo, "ilikuwa kwa heri", "kuna kilichokuandama", na kila moja humtaka afurahie jambo linalomuuma. Afadhali kumwacha aumwe kwa heshima.

Usiku mmoja wa Desemba mwaka huo alirudi akiwa kimya kuliko kawaida. Miezi ile baadhi ya ndege za Airbus A220 zilikuwa zimesimama, hapa na katika nchi nyingine, kwa tatizo la injini, na usaili aliokuwa akiusubiri ulifutwa. Saa tatu usiku nilisikia harufu ya karatasi. Nikatoka uani nikamkuta mbele ya jiko la mkaa, anachoma barua za maombi. Mkononi alikuwa na kile kitabu ambamo rubani huandika kila saa aliyoruka. Nilimwomba anipe. Akanipa bila ubishi, na kule kukosa ubishi ndiko kulikoniogopesha.

Nilikwenda chumbani, nikafungua sanduku la bati, nikarudi na barua yangu ya 1972. Nikampa asome kwa mwanga wa simu. Akasoma mara mbili. "Mjomba, hii ni ya nani?" Nikamwambia ni yangu. Nikamweleza kila kitu: kahawa, kitabu cha madoa, namba 5 niliyobahatisha, miaka hamsini ya kusema ualimu ni wito. Nikamweleza pia jambo gumu zaidi: kwamba siku ile ya kikao sina hakika niliyekuwa nikimtetea ni yeye au ni yule kijana wa mwaka 1972, na kwamba kama niliuza kahawa ya mama yake kwa ajili ya hamu yangu mwenyewe, ninamwomba radhi.

Alikaa kimya muda mrefu. Mwishowe akasema, "Mimi nilidhani katika ukoo wetu niko peke yangu."

Ndugu msomaji, neno hilo nimelitafakari sana. Tulikuwa tumempa fedha, sala, methali na chakula. Kitu alichokikosa ni mtu aliyekataliwa. Alizungukwa na watu wazima waliojifanya kwamba kila walichonacho ndicho walichokichagua, nami nikiwa wa kwanza wao.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Tulikaa mezani tukafanya kazi ninayoijua vizuri, yaani kusahihisha. Barua alizochoma alikuwa na nakala zake kwenye kompyuta, tukaandika orodha yote. Maombi yalikuwa 63. Tukayagawa mafungu. Yasiyojibiwa kabisa: 44. Yaliyojibiwa kwamba saa hazitoshi au nafasi hazipo: 16. Yaliyofika kwenye usaili: 3. Katika hayo matatu, mawili alifanya vizuri wakachukuliwa wenye saa nyingi zaidi. Moja tu aliharibu mwenyewe: kwenye chumba cha kuigiza urukaji waliizima injini moja, akashikwa na woga, akachelewa kufuata hatua zinazotakiwa.

Nikamwambia, "Tazama hapa. Mwanafunzi wangu angeniletea karatasi hii, ningempa kosa moja." Kwa miaka mitatu alikuwa akibeba makosa sitini na matatu. Arobaini na manne hayakuwa hata majibu. Yalikuwa kimya, na mtu aliyevunjika moyo hukijaza kimya maneno mabaya kuliko yale ambayo ofisi yoyote ingethubutu kumwandikia. Yale kumi na sita yalihusu namba, si mtu. Hilo moja ndilo lililomhusu, na kosa likijulikana hurekebishwa. Alianza kukariri hatua za dharura kila alfajiri, ameketi kwenye kiti cha jikoni, mikono ikigusa hewa mahali ambapo vifaa vingekuwapo. Mke wangu alidhani ameanza kurukwa na akili.

Tuliafikiana pia mambo mengine. La kwanza, cheti cha afya na leseni visife. Nikakubali kusaidia kwa pensheni, naye kwa kibarua chake. La pili, aweke mwisho: atakapofikisha miaka 35, yaani mwaka 2030, ataamua upya, na akiamua kuacha hakuna mtu katika ukoo atakayemwita aliyeshindwa. Niliona mwisho huo ukimpa pumzi, maana mzigo usio na mahali pa kutuliwa huwa mzito zaidi. La tatu, afanye kazi ambayo ndani yake anahitajiwa sasa hivi. Akaanza kufundisha fizikia jioni, watoto wa kidato cha nne, uani kwangu. Watoto wale hawakujali saa zake za kuruka. Walitaka kujua kwa nini chuma kizito kinaelea hewani, naye aliwaeleza kwa kipande cha karatasi akikipuliza juu mpaka kikainuka. Wao pia walimwita Kapteni, lakini kwa sauti nyingine.

Msomaji atataka kujua kama amepata kazi. Nusu. Mwaka 2024 alichukuliwa na kampuni moja ndogo, si kurusha ndege bali kufanya kazi ofisini uwanjani: kupima mizigo na abiria, kuandaa karatasi za uzito, kufuatilia hali ya hewa. Marubani wakipeleka ndege matengenezo bila abiria, mara mojamoja humchukua kiti cha kulia. Saa zake zinaongezeka kama maji ya chemchemi kiangazi. Bado anaomba kwingine, na bado anakataliwa. Lakini sasa barua ikija hunipigia simu na kuniambia ni ya fungu gani. "Mjomba, ya pili hii." Nami huiandika katika daftari.

Siwezi kuahidi kwamba atakaa siku moja mbele ya ndege kubwa. Nimeona mengi kiasi cha kutoahidi. Hata wale waliopokelewa wakati wangu hawakuingia peponi. Mwaka 1977 shirika la Afrika Mashariki lilivunjika, Jumuiya yenyewe ikafa, na kila nchi ikaanza upya na shirika lake. Mtu aliyefungiwa mlango hudhani ndani kuna karamu isiyokwisha. Ndani nako kuna watu wenye hofu ya kesho.

Ninachoweza kusema kwa hakika ni hiki. Kufeli ni jambo moja na kutochaguliwa ni jambo jingine, na anayeyachanganya hayo mawili humdhulumu kijana mara mbili. Aliyefeli aonyeshwe kosa lake. Asiyechaguliwa aambiwe wazi kwamba nafasi zilikuwa chache, aachwe alie, kisha aulizwe atafanya nini Jumatatu. Na sisi wazee tufungue masanduku yetu. Laiti ningetoka ofisini jioni ile nikasimama na yule mvulana mbele ya ubao, nikamwambia tu, "Jina langu nalo liliwahi kukosekana." Lisingeongeza nafasi sekondari, lakini asingekwenda nyumbani akiwa peke yake.

Mwaka jana wakati wa mavuno kijana alipata likizo, tukakutana Mbozi kwenye zile eka mbili za mama yake zilizobaki. Dada alitupa vikapu. Nilianza kuchuma kama ninavyochuma tangu utotoni, nikibonyeza. Kijana akanitazama, akaelewa, akahamia mstari wangu. Tukachuma pamoja mpaka jua likainama, yeye akinisomea rangi.

"Hiyo mbivu, mjomba. Hiyo nayo. Hiyo bado, iache."

Nikaiacha.